Vikombe, Panga, Magongo na Sarafu

Mwaka 1939 mtaalamu wa sanaa za Kiislamu, L. A. Mayer, alichapisha habari za karata zilizokuwa zimehifadhiwa katika jumba la Topkapı mjini Istanbul. Ni karata ndefu, zimechorwa kwa mkono na kutiwa dhahabu, kazi ya mafundi wa Misri chini ya watawala wa Kimamluki. Seti ilikuwa ya karata 52, zimebaki 47. Zimegawanyika katika koo nne: vikombe, sarafu, panga na magongo ya polo. Hakuna sura ya mtu hata moja. Mfalme, naibu wake na naibu wa pili hutambulikana kwa jina lililoandikwa tu.

Alama hizo hazikuwa za siri. Katika kasri la Kairo mnyweshaji wa sultani alikuwa na kikombe kuwa nembo ya cheo chake, mbeba silaha alikuwa na upanga, na palikuwa na afisa wa kushika magongo ya polo, mchezo ambao wakubwa wa Kimamluki waliupenda mno. Aliyeshika karata hizo alikuwa ameshika baraza zima la mtawala.

Kufika mwaka 1377 karata zilikuwa zimeshavuka bahari, kwani mwaka huo Florence iliupiga marufuku mchezo wa "naibbe", jina lililobeba cheo cha naibu bila wachezaji kujua. Polo Waitalia hawakuijua. Magongo yale yakageuzwa marungu na fimbo za kawaida, na koo tatu nyingine zikabaki kama zilivyokuja.

Kutokana na karata hizo, taroti, seti inayojulikana leo zaidi kwa kupigia ramli, ilizaliwa kaskazini mwa Italia karibu na mwaka 1440. Mtu fulani, jina lake halikuandikwa popote, aliongeza malkia katika kila ukoo, zikawa karata 14 mara nne, yaani 56. Kisha akaweka juu yake karata 22 za picha, nazo ndizo turufu. Jumla 78. Matajiri wa Milano na Ferrara walichorewa seti za dhahabu, na zile za familia ya Visconti-Sforza zinatazamwa hadi leo. Zilikuwa za kuchezea. Mwanafalsafa Michael Dummett wa Oxford, katika kitabu kikubwa alichokitoa mwaka 1980, alionyesha kwamba kwa karne tatu hivi taroti ilikuwa mchezo wa mezani wa kushindania pointi, na kwamba habari za kuipigia ramli hazionekani kabla ya karne ya 18.

Ndugu wa koo hizo walifika hata pwani ya Afrika Mashariki. Wareno waliita koo zao copas, ouros, espadas na paus: vikombe, dhahabu, panga na marungu. Mchezaji wa karata wa Mombasa au Unguja anayetupa kopa, uru, shupaza au pau anataja majina hayohayo, ingawa karata iliyo mkononi mwake ina michoro ya Kifaransa, na kopa yake imekuwa moyo.

Maana zilianza kurundikwa Paris. Mwaka 1781 mchungaji Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha makuhani wa Misri ya kale. Maandishi ya Misri hayakuwa yamesomeka bado. Msomi Mfaransa Champollion alikuja kuyafungua mwaka 1822, kwa hiyo hapakuwa na wa kumpinga. Kwa Gébelin, panga ni wakuu na wapiganaji, vikombe ni makuhani, marungu ni wakulima, sarafu ni wafanyabiashara. Soma orodha hiyo kwa makini: inafanana zaidi na Ufaransa yake, iliyokuwa miaka minane tu kabla ya mapinduzi, kuliko na Misri ya mafarao. Muda mfupi baadaye Etteilla, muuza picha wa Paris, alizifanya karata hizo biashara ya kutabiri.

Mafunzo wanayopewa wanaoanza leo, kwamba fimbo ni moto, vikombe ni maji, panga ni hewa na sarafu ni ardhi, yalienezwa na chama cha siri cha Golden Dawn kilichoanzishwa London mwaka 1888. Ni mafunzo machanga kuliko gari moshi.

Wanachama wawili wa chama hicho, A. E. Waite na mchoraji Pamela Colman Smith, walitoa mwaka 1909 seti iliyobadilisha kila kitu. Kabla yao karata ya vikombe vitano kwa kawaida ilionyesha vikombe vitano, basi. Smith alimchora mtu mwenye joho jeusi, ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika, huku viwili vikiwa vimesimama nyuma yake asivione. Fimbo kumi zikawa mzigo unaomlemea mbebaji. Panga tatu zikachoma moyo chini ya mvua, mchoro unaofuata karibu kabisa seti ya Sola Busca ya Italia ya karne ya 15, ambayo picha zake zilifika British Museum mwaka 1907. Wengi husema "taroti ya Waite". Haki ilikuwa iitwe ya Smith, kwa sababu watu husoma huzuni na matumaini kwenye michoro, si kwenye maelezo mazito ya Waite. Smith mwenyewe alimwandikia mpigapicha Alfred Stieglitz kwamba amemaliza kazi kubwa kwa malipo kidogo sana. Alifariki mwaka 1951, maskini, huko Cornwall.

Mchezo wa zamani nao haukufa. Bologna wangali wanacheza taroti yao ya karata 62, wakifuata kanuni ya kale ya Italia: katika panga na fimbo, kumi humla tisa, katika vikombe na sarafu mambo hugeuka, sita humla saba, na kumi huliwa na zote.