Saa zinazofanya minara ya simu ielewane mitaani Eastlands

ABIRIA anayezungumza kwa simu ndani ya matatu kutoka Kayole hadi katikati ya jiji la Nairobi hupokezanwa na minara mingi bila kufahamu. Mazungumzo yake hayakatiki kwa sababu minara hiyo ina saa zinazokwenda sawa.

Kazi ya kupanga na kupima ulinganifu wa saa hizo haionekani na mteja. Hata hivyo, ikipuuzwa, madhara humfikia upesi: simu hukatika, intaneti hukwama na malipo ya mama mboga kwa njia ya simu huchelewa kuingia.

Aina mbili za ulinganifu

Ulinganifu wa kwanza ni wa masafa. Kwa kawaida, mnara mkubwa hauruhusiwi kukosea masafa yake kwa zaidi ya sehemu 50 katika kila sehemu bilioni moja. Kwa mawimbi ya megahezi 900, kosa hilo ni hezi 45 pekee. Mnara ukipotoka kupita hapo, simu inayohamia kwake kutoka mnara jirani huenda isiupate. Sharti hili lilikuwepo tayari Safaricom na KenCell, ambayo leo ni Airtel, zilipoanza kushindania wateja mwaka wa 2000.

Ulinganifu wa pili ni wa wakati wenyewe, na umepata uzito mpya kutokana na teknolojia ya 5G, ambayo Safaricom ilianza kuifanyia majaribio Machi 2021 na Airtel ikaizindua Julai 2023. Kwa kawaida 5G hutumia masafa yale yale kutuma na kupokea kwa zamu. Mnara husema, kisha hunyamaza ili usikilize simu za wateja. Mmoja ukichelewa, utakuwa ukisema wakati jirani yake unasikiliza, na sauti dhaifu za simu zitamezwa na kelele hiyo. Kwa hivyo, kila mnara unatakiwa usipotoke kwa zaidi ya maikrosekunde 1.5, yaani sehemu moja na nusu ya sekunde iliyogawanywa mara milioni moja. Katika muda huo wimbi la redio husafiri mita 450 tu.

Katika mitaa kama Umoja, Kayole, Dandora na Pipeline, ambako magorofa yamesongamana, minara nayo hulazimika kukaribiana ili itosheleze wakazi. Ukaribu huo hufanya kosa la mnara mmoja liwe kero kwa mtaa mzima.

Wakati kutoka angani

Chanzo kikuu cha wakati ni setilaiti za GPS, ambazo huzunguka dunia umbali wa takriban kilomita 20,200 zikiwa na saa za atomiki. Kipokezi kinahitaji setilaiti nne ili kujua mahali kilipo. Kikishajua, na mradi hakihamishwi, setilaiti moja yaweza kukipa wakati.

Hata hivyo, mawimbi hayo hufika yakiwa hafifu mno. Antena iliyowekwa chini kati ya magorofa huona kipande kidogo cha anga, na hupokea mawimbi yaliyogonga kuta na kuchelewa. Nairobi pia iko karibu na Ikweta, eneo ambalo tabaka la juu la anga huweza kuvurugika baada ya jua kutua na kuyumbisha mawimbi ya setilaiti.

Vipo pia vifaa vya kuziba mawimbi, ambavyo baadhi ya madereva ulimwenguni hutumia kukwepa kufuatiliwa na waajiri wao. Nchini Marekani, dereva mmoja alitozwa faini ya karibu dola 32,000 mwaka wa 2013 baada ya kifaa chake kutatiza mitambo ya uwanja wa ndege wa Newark.

Setilaiti zenyewe hukosea. Mnamo Januari 26, 2016, setilaiti moja kuukuu ya GPS ilipoondolewa kazini, baadhi ya setilaiti zilitangaza wakati uliopotoka kwa takriban maikrosekunde 13. Mitambo ya mawasiliano katika nchi mbalimbali ilitoa tahadhari kwa saa kadhaa.

Njia ya ardhini

Kwa sababu hiyo, mpango mzuri huwa na njia ya pili, yaani kusafirisha wakati kupitia nyaya za faiba. Kanuni za Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU) huruhusu kosa la maikrosekunde 1.1 wakati unapofika mnarani. Salio huachiwa mnara wenyewe na dharura.

Mbinu hii huchukulia kuwa ujumbe hutumia muda sawa kwenda na kurudi. Waya ukikatwa na wachimbaji wa barabara, kisha upande mmoja ukaunganishwa ukiwa mrefu kuliko mwingine kwa mita 100, saa ya mnara hukosea kwa nanosekunde 250 hivi, yaani robo ya maikrosekunde. Intaneti itarejea na mteja atafurahi, ilhali kosa limejificha. Ndiyo maana njia hupimwa upya baada ya kila ukarabati, pamoja na njia ya akiba ambayo haijatumika bado.

Mpangaji huhakikisha pia kuwa hakuna mitambo miwili inayofuatana kwa zamu, kila mmoja ukidhani mwenzake ndiye kiongozi. Ikitokea hivyo, yote miwili hupotoka pamoja na hakuna kengele inayolia.

Vipimo vya mnarani

Mhandisi hufika na saa yake ya rubidi iliyolinganishwa na GPS, akailinganisha na ya mnara. Kipimo cha dakika chache hakitoshi. Inafaa kiendelee mchana na usiku, kwani joto na wingi wa watumiaji hubadilika.

Kisha huchomoa antena makusudi ili kuona saa ya ndani itastahimili muda gani. Saa nzuri ya fuwele huweza kushikilia kwa saa chache, na ya rubidi kwa takriban siku nzima. Bila umeme, zote hazifai kitu. Giza lililoikumba Kenya Agosti 25, 2023 lilikumbusha kwamba betri na jenereta ni sehemu ya mpango wa wakati.

Kwa mkazi wa Eastlands, basi, mnara mpya karibu na nyumba si hakikisho la huduma bora. Usipolinganishwa na majirani zake, huweza kuzidisha tatizo ulioletwa kulitatua.