Kitabu cha Fundi

Mwenye Peugeot 504 kuukuu kule Olenguruone, gari la aina ile iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, akitaka kurudisha viti na milango katika hali yake ya awali huambiwa atafute "mwongozo". Neno hilo limetokana na kuongoza na halina kosa, ila nchini Kenya limeshikwa na shule: mwongozo ni kile kitabu cha kumsaidia mwanafunzi kuelewa riwaya au tamthilia teule. "Kitabu cha gari" nacho huweza kueleweka kama hati ya umiliki. Napendekeza "kitabu cha fundi".

Atakayepinga atasema kwamba vijitabu vya simu na redio huitwa miongozo. Ni kweli, lakini hivyo huandikiwa mtumiaji. Kitabu cha ukarabati wa gari ni kitu kingine: wachapishaji Haynes wa Uingereza walijipatia jina kwa kulifungua gari zima na kuliunda upya kabla ya kuandika. Msomaji wao ni mwenye spana mkononi. Kung'oa ubao wa ndani wa mlango, kwa mfano, kuna utaratibu: mkono wa kupandishia kioo, skrubu za kishikio, mwisho vibanio vilivyofichwa pembeni, ambavyo vikivutwa kwa pupa huvunjika, na kupata vingine ni taabu. Ushonaji wa viti, nakiri, vitabu hivi huugusa kidogo tu. Huo mwulize mshona viti. Kwa mengine, ukifika kwa muuza vitabu vya mitumba, sema "kitabu cha fundi", kisha taja modeli na mwaka wa gari lako.