Mwiko wa Bahari, si Kufungwa kwa Bahari

Kijitabu cha istilahi za historia kimetufikia hapa Kyebando, sisi tunaofundisha Kiswahili, na humo neno la Kichina haijin, yaani katazo la wafalme wa China juu ya biashara ya ng'ambo, limeandikwa "kufungwa kwa bahari". Waliolipitisha ni kamati, na kamati haina uso wa kuulizwa. Basi nalijibu neno lenyewe, kwa sababu lisipokemewa mapema litawakuta watoto wetu katika chumba cha mtihani.

Bahari hufungwa na pepo. Kusi inapokaza, Juni na Julai, majahazi hupandishwa pwani na safari za mbali husimama. Mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi waliuita msimu huo kwa jina lenye maana hiyohiyo ya kufungwa kwa bahari. Jina hilo lina wenyewe, na wenyewe ni watu wa tanga na usukani.

Tena haliwi kweli likihamishiwa China. Hongwu, mfalme wa kwanza wa ukoo wa Ming, alipowakataza raia wake biashara ya ng'ambo mwaka 1371, aliwazuia watu binafsi. Wajumbe wa kigeni walioleta tunu kwa mfalme waliendelea kupokewa. Katazo likiwa bado lipo, Zheng He aliongoza safari saba za merikebu za dola kati ya 1405 na 1433, na baadhi yake zilifika Mogadishu na Malindi. Mwaka 1415 twiga aliyetoka Malindi alifikishwa kwa mfalme Yongle. Bahari iliyofungwa imevushaje twiga?

Yuko pia mwenzetu mmoja, mwenye sauti kubwa kuliko hoja zake, anayetetea "vikwazo vya bahari". Msikilizaji wa redio anajua vikwazo ni vya dola moja dhidi ya nyingine. Haijin ilimfunga mvuvi na mfanyabiashara wa Fujian kwa amri ya mfalme wake mwenyewe.

Mimi nasema mwiko wa bahari, na nimelisema kwa miaka bila kusikilizwa. Hai ni bahari. Jin ni katazo, na sehemu ya chini ya herufi yake ni alama inayotumika katika maneno ya ibada na mizimu. Asili yake ni jambo lisiloguswa. Na ndivyo watawala wa Ming walivyolichukua: kwao lilikuwa agizo la mhenga aliyeasisi ukoo, na aliyetaka kuligusa alionekana anawakosea wazee wake. Neno gani la Kiswahili linabeba katazo lililorithiwa kwa wahenga, ikiwa si mwiko? Majirani zangu Waganda wana muziro, kile ambacho ukoo haukili. Kiswahili kina ndugu yake, mzio, ambalo ningelipenda zaidi kama waganga wa hospitali wasingekwisha kulichukua kwa maradhi ya ngozi na mafua. Limebaki mwiko, nalo linatosha.

Niliambiwa mwiko ni wa mila, hauwezi kuwa wa sheria. Aliyeniambia hivyo amelisahau Azimio la Arusha la 1967. Miiko ya uongozi iliyotajwa humo ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili na kupangisha nyumba. Hiyo ni mila ya kabila gani? Ni katazo la dola juu ya mali na biashara, na Watanzania walilielewa siku ileile.

Mwiko huja na vitenzi vyake. Huwekwa, hulegezwa, huvunjwa. Walanguzi na maharamia wa pwani ya China walivunja mwiko. Mwaka 1567 Ming waliulegeza, wakaruhusu majahazi ya Fujian kutoka katika bandari ya Yuegang. Ukoo wa Qing uliuweka upya mwaka 1656, ukauondoa mwaka 1684 baada ya kuitwaa Taiwan. Jaribuni kuisimulia historia hiyo kwa "kufungwa" mwone sentensi zinavyokwama.

Hata pwani yetu ya Mrima ilikuwa na mwiko. Mkataba wa Sultani Seyyid Said na Waingereza wa mwaka 1839 uliwazuia Waingereza kununua pembe za ndovu na sandarusi katika pwani ya kati ya Mtangata na Kilwa, isipokuwa kwa ruhusa ya Sultani. Majahazi yalipita humo kila msimu, na biashara ilishamiri. Pwani ilikuwa wazi. Walichokatazwa wageni ni bidhaa mbili.

Kwa matumizi: mwiko wa bahari, wingi miiko ya bahari, na utajwe ukoo au mtawala aliyeuweka.

Naiomba kamati ilifute "kufungwa kwa bahari" katika toleo lijalo. Nanyi walimu wenzangu, msisubiri toleo hilo: andikeni mwiko wa bahari ubaoni kuanzia muhula huu.