Safu ya Lugha: Ajira si kila kazi
Magazeti yanapotangaza kwamba vijana "hawana kazi", aghalabu hukusudia kusema hawana ajira, na tofauti hiyo si ya mapambo. Ajira, neno lenye asili ya Kiarabu na shina moja na ujira, yaani malipo ya kazi, hubeba ndani yake wazo la kulipwa, ilhali kazi ni pana zaidi. Mkutano wa Kimataifa wa Wanatakwimu wa Kazi, uliofanyika Geneva mwaka 2013, uliamua kwamba ajira ni kazi ifanywayo kwa malipo au faida. Hivyo mwanamke anayelima mahindi ya chakula cha nyumbani tu, akateka maji na kutwanga, hufanya kazi kutwa kucha bila kuhesabiwa kuwa ana ajira, na asipoitafuta hubaki nje ya nguvukazi, yaani jumla ya wenye ajira na wanaoitafuta. Kibarua nacho, ambacho asili yake ni barua ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi wa kutwa, ni ajira kamili kitakwimu, ingawa wengi hukidharau. Anayenukuu takwimu za ajira basi na aandike "wasio na ajira", na "wasio na kazi" awaachie wavivu, kama wapo.