Mali Bila Daftari

Gunia la kahawa likipakiwa kwenye lori hapa Nshamba, mwenye shamba huhesabu kilo, karani huandika kilo, na mnunuzi hulipa kilo. Lakini ndani ya gunia lile kuna kitu kingine kisichoandikwa katika stakabadhi yoyote. Kitu hicho ni nguvu ya udongo, ambayo mbuni umeinyonya ili uzae. Mkungu wa ndizi unaokwenda kuuzwa mjini nao ni hivyo hivyo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi leo napenda tulifungue daftari la kibanja, tuone wazee wetu walilipaje deni hilo, na sisi tunalilipaje.

Mgeni anayefika Muleba kwa mara ya kwanza huona migomba imefungamana kila upande, akasema Mungu ametupa ardhi ya rutuba. La hasha! Mgeni huyo atoke kijijini kidogo tu, aingie rweya. Atakuta nyasi fupi, mawe, na udongo mwembamba usioweza kulea hata mgomba mmoja wa maana. Mwamba ni ule ule na mvua ni ile ile. Tena mvua yenyewe ni nyingi. Mjini Bukoba hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, nayo huosha chakula cha mimea na kukipeleka chini mbali na mizizi. Rweya ndiyo ardhi yetu ya asili. Kibanja kimetengenezwa na mikono ya watu.

Kilitengenezwaje? Mchana ng'ombe walikula rweya, jioni wakarudi nyumbani, na usiku wakaacha samadi. Kwa maneno mengine, ng'ombe alikuwa mchukuzi: alikusanya rutuba iliyotawanyika vilimani na kuileta kwenye shina la mgomba. Nyasi zilikatwa zikaezeka nyumba ya msonge, zikatandikwa ndani badala ya mkeka, na zilipochakaa zikapelekwa shambani kuwa matandazo. Maganda ya ndizi, majivu ya jikoni, na maganda ya maharage, vyote vilirudi. Chini ya migomba waliweka mibuni na maharage, na juu yake waliacha miti ya kivuli. Hakuna kilichoitwa takataka.

Nisieleweke kwamba nawafanya wazee wetu kuwa malaika. Mtafiti Peter Schmidt kutoka Marekani alichimba huku Bukoba kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa kama miaka 2,000, yakiwamo ya karibu na ghuba ya Kemondo. Ufundi ule ulikuwa mkubwa, lakini ulikula mkaa, na mkaa ulikula misitu. Schmidt anaeleza kwamba baada ya karne kadhaa misitu ya karibu na ziwa ilikuwa imepungua sana, na kazi ile ya chuma ikafifia. Ndiyo kusema biashara kuishiwa kwa sababu imekula msingi wake si jambo lililoletwa na Wazungu. Mimi naamini kwamba kibanja na ng'ombe wake ni jibu la watu waliokuwa wameshaonja uhaba.

Pigo la kwanza katika daftari hilo liliingia katika miaka ya 1890, sotoka ilipofyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na wa kwetu pia. Wachukuzi wa rutuba wakafa kwa mkupuo. Muda si mrefu ikaja kodi ya wakoloni, na kahawa, ambayo Wahaya walikuwa wakiichemsha na kuitafuna na kumkaribishia mgeni, ikawa zao la kutafutia fedha. Mibuni ikaongezeka vibanjani. Serikali ya Kiingereza ilipotunga kanuni za kutunza mibuni, mwaka 1937 zikazuka vurugu Bukoba. Wakulima hawakutaka afisa aje kuwaamuru ndani ya kibanja chao. Mwaka 1950 wakaunda chama chao kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union.

Fedha ya kahawa ilituletea neema ambazo hakuna mwenye akili atakayezikataa: ada za shule, baiskeli, nyumba za bati. Ila tazama jambo dogo hili. Bati lilipoingia, nyasi za paa hazikuhitajika tena, na njia moja ya rweya kuingia kibanjani ikafungwa bila mtu kutambua. Na katika kila shilingi ya kahawa, ni senti ngapi zilirudi kwenye udongo? Baridi kali ilipoharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, bei ilipanda sana duniani. Mapatano ya kahawa ya kimataifa yalipovunjika mwaka 1989, bei ikaanguka. Bei ilipanda na kushuka kwa mambo ya mbali, lakini mbuni wa Nshamba ulinyonya udongo kiasi kile kile.

Kisha yakaja mengine. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa katika mkoa wetu huu wa Kagera. Nguvukazi ikapotea, ng'ombe wakauzwa kwa matibabu na mazishi, vibanja vikabaki na bibi na wajukuu. Vifukusi vikatafuna migomba iliyodhoofu. Mwaka 2006 ukathibitishwa mkoani mnyauko wa migomba, unaoenezwa na wadudu wanaotembelea ua la mgomba na hata na panga tunaloazimana majirani. Na rweya nayo inapungua, kwa maana inalimwa, au inapandwa mikaratusi na misindano ya kuuza nguzo na mbao.

Wako watakaosema dawa ni migomba mipya. Kati ya 1997 na 2002 mradi uliofadhiliwa na Ubelgiji ulisambaza aina mpya mkoani, kama FHIA 17 na FHIA 23, na mikungu yake ni mikubwa kweli. Lakini mkungu mkubwa hautoki hewani! Mgomba unaozaa zaidi ndio unaodai zaidi. Kubadilisha mbegu bila kulisha udongo ni kubadilisha mlaji tu, chakula kikibaki kile kile.

Tufanye nini basi? Kwanza, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu kijiji kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja. Vijiji vyetu viitumie kulinda kipande cha rweya kwa malisho na matandazo, kabla hakijaisha kwa hati za mtu mmoja mmoja. Pili, mwenye uwezo wa ng'ombe mmoja wa kufugia bandani asimhesabu kwa maziwa tu; samadi yake ndiyo gawio la kila siku. Tatu, vyama vya msingi vijadili kwenye mikutano yao mikuu: katika kila kilo iliyouzwa, kitengwe kidogo cha kurudishia udongo, kama ushuru mwingine unavyokatwa. Nne, maganda yanayooza kandoni mwa soko wakati kibanja cha jirani kina njaa ni aibu yetu wenyewe. Na panga, tafadhali, lipitishwe motoni kabla ya kuhama kutoka mgomba mmoja hadi mwingine.

Kibanja ulichorithi kina jasho la vizazi vingi, na ng'ombe wengi walipita hapo. Utakapowagawia wanao, usiwagawie mipaka tu. Wagawie na udongo.