Vigae vya Luzira na Misingi ya Shule Zetu



Wengi wetu tumo katika kamati za kujenga shule, na kazi ya kwanza ya kila kamati ni kuchimba msingi. Mchimba msingi hufungua ardhi ambayo pengine haijafunguliwa kwa mamia ya miaka. Mara nyingine sururu yake hugonga kigae cha chungu, kipande cha chuma kilicholiwa na kutu, ushanga au mfupa. Yafaa tujue mapema la kufanya saa hiyo, kwa kuwa kosa la saa moja halitengenezeki baadaye. Nitaeleza mambo mawili yaliyotukia kweli, moja katika Uganda na moja katika Nigeria.

Mwaka wa 1929 wafungwa waliokuwa wakifanya kazi katika uwanja wa gereza la Luzira, karibu na Kampala, walifukua kichwa cha mtu kilichofinyangwa kwa udongo, pamoja na vipande vya mwili na vigae vya vyungu. Bwana E. J. Wayland, aliyekuwa mkuu wa idara ya uchunguzi wa miamba, aliandika habari zake. Kichwa kikapelekwa London, katika Makumbusho ya Uingereza. Kwa miaka mingi watu walikistaajabia, lakini hakuna aliyeweza kusema kwa hakika ni cha zama zipi.

Jibu lilikuja mwaka 2008, yaani baada ya miaka 79, na lilitoka katika vile vigae. Wataalamu Andrew Reid na Ceri Ashley walivichunguza upya, wakavilinganisha na vyungu vilivyochimbwa kwa utaratibu kandokando ya Ziwa Victoria. Walionyesha kwamba kichwa hicho ni cha kipindi kilichofuata wafua chuma wa kale na kutangulia falme kama Buganda. Wafua chuma hao ndio wenye vyungu viitwavyo vya Urewe, jina lililotoka Siaya, hapa hapa Kenya. Lau mtu angeuchukua uso ule kwa uzuri wake na kuvitupa vigae pamoja na kifusi, habari hizi zingepotea.

Jambo la pili latoka Igbo-Ukwu. Mwishoni mwa miaka ya 1930 mwanakijiji mmoja, Isaiah Anozie, alikuwa akichimba shimo la kuwekea maji nyumbani kwake, akakuta vyombo vya shaba vilivyotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Majirani walichukua baadhi yake, na vingine vikanunuliwa na afisa wa serikali. Mwaka 1959 Bwana Thurstan Shaw alianza kuchimba mahali pale polepole, akiandika kila kitu na mahali pake. Katika kiwanja cha jirani alifikia kaburi la mtu mkuu aliyezikwa ameketi juu ya kiti, amevikwa mapambo ya shaba na shanga nyingi mno, tangu miaka ipatayo elfu moja iliyopita. Shanga zile zingetolewa kwa karai na kugawanywa, nani angejua kwamba ziliwahi kuvaliwa na mtu mmoja siku ya maziko yake?

Sisi makarani twasema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kitu cha kale ni vivyo hivyo, na daftari lake ni udongo uliokizunguka: kina chake, jivu lililokuwa kando yake, na vitu vilivyolala pamoja nacho. Kumbukumbu za wazee wetu zatufikisha vizazi kadhaa nyuma. Kupita hapo, katika sehemu nyingi za bara hakuna maandishi, na ardhi ndiyo shahidi aliyebaki. Tukimharibu, watoto tunaowajengea madarasa hawatakuwa na pa kuuliza.

Kwa hiyo naomba kamati zishike mambo haya. Kabla ya kupima kiwanja, wazee waulizwe palipokuwa na boma, makaburi au tanuri la chuma. Kitu kikionekana, msimamizi asimamishe kazi mahali hapo, avizuie vitu visiondolewe, aandike tarehe, kina na mahali, na kupafunika pasiharibiwe na mvua wala watoto. Ikiwa ni mifupa ya watu, wazee na chifu waitwe kwanza. Kisha habari ipelekwe Makumbusho ya Taifa, kama inavyoagizwa na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006.

Najua wako watakaosema kwamba mafundi wanalipwa kwa siku na mvua haingoji. Ni kweli, na hasara hiyo yaweza kuhesabiwa kwa shilingi. Lakini mafundi waweza kuhamia upande mwingine wa kiwanja kwa siku chache, na darasa likajengwa. Kaburi lililokwisha kuvurugwa halipangiki tena.