Bobby's Hero
"Bobby's Hero" (yaani "Shujaa wa Bobby") ni sehemu ya msimu wa nne wa The Brady Bunch, mfululizo wa vichekesho wa televisheni ya Marekani. Ilirushwa na ABC tarehe 2 Februari 1973.

Bobby (Mike Lookinland), mdogo kati ya wavulana watatu wa familia ya Brady, anamhusudu jambazi Jesse James na kumwona mtu mwema. Wazazi wanamruhusu atazame filamu ya James kwenye televisheni, wakitumaini ataona ukatili wake. Mpango unaharibika: matukio ya mauaji yamekatwa ili filamu ifae watoto, na jambazi anazidi kuonekana muungwana. Pengine hapa ndipo penye kichekesho kikali kuliko vyote vya sehemu hii.

Ndipo baba anapomleta nyumbani mzee Jethroe Collins, ambaye baba yake mzazi aliuawa na James. Usiku huo Bobby anaota kwamba James ameteka treni walimopanda, na kuwapiga risasi ndugu na wazazi wake. Akiamka, ushabiki umekwisha.

Collins, mhusika wa kubuni, aliigizwa na Burt Mustin aliyekuwa na miaka 88. Hata hivyo Mustin alizaliwa 1884, ilhali James halisi aliuawa na Robert Ford mjini St. Joseph, Missouri, tarehe 3 Aprili 1882. Kwa hesabu hiyo Collins alipaswa kuwa na zaidi ya miaka 90.